MAJIRA YA KANISA NA MAJIRA YA SHAMBA

Somo kwa vikundi vya kujifunza Neno la Mungu

Masomo ya kusoma nyumbani kabla ya kukutana: Walawi 23:15–22, Zaburi 126, Isaya 58:6–10, Matendo 6:1–7.



Kila mwalimu anajua kwamba kazi ya mwaka haiendi bila azimio la kazi. Kabla shule haijafunguliwa, mwalimu hukaa na kupanga: mwezi huu nitafundisha hili, mwezi ujao lile, hata mwaka uishe. Kanisa nalo lina azimio lake. Huanza na Adventi, likapita Krismasi, Epifania, Kwaresima, Pasaka, Kupaa na Pentekoste, kisha zikafuata Jumapili nyingi za baada ya Utatu. Azimio hili si letu Waanglikana peke yetu. Ndugu zetu Walutheri wanalo, na Wakatoliki wanalo. Katika somo hili tutajifunza pia kutoka kwa mchungaji mmoja Mlutheri.

Lakini hapa kwetu Tabora kila Mkristo anaishi katika kalenda mbili. Ya pili haikuandikwa katika Kitabu cha Sala. Ni kalenda ya mvua na jua. Mvua zetu ni za msimu mmoja: huanza yapata Novemba na kukoma Aprili au mwanzo wa Mei, halafu ni kiangazi hata Oktoba. Swali la somo letu ni hili: Je, kalenda hizi mbili zinajuana? Au kila moja inakwenda njia yake, na Mkristo amesimama katikati?

1. Kalenda iliyozaliwa mbali

Majira ya Kanisa yalipangwa na watu wa nchi nyingine. Huko Ulaya, Adventi huja wakati wa giza na baridi, na Pasaka huja majani yanapochipua. Kwetu mambo yamegeuka. Tazameni vitambaa vya Meza ya Bwana. Wakati wa Adventi na Kwaresima tunatandika zambarau, rangi ya toba, na nje nchi yote ni ya kijani. Baada ya Utatu tunatandika kijani, rangi ya kukua, na nje nyasi zimekauka, zinaungua moto.

Tena ziko zile siku za kuombea mashamba kabla ya Sikukuu ya Kupaa. Zilianzishwa yapata mwaka 470 na Askofu Mamertus wa mji wa Vienne katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, baada ya watu wake kupatwa na misiba mingi. Huko siku hizo huja mazao yakiwa machanga. Kwetu zinapofika, mahindi yamekwisha kukomaa. Tunamwomba Mungu abariki mbegu, na mbegu imekwisha kuwa ugali.

Hatusemi haya ili tuitupe kalenda ya Kanisa. Yatupasa kujua kwamba watu wa kale waliipatanisha na maisha yao, nasi tuna ruhusa ya kufanya vivyo hivyo. Ibada ya Shukrani ya Mavuno, ambayo wengi wetu tunaidhani ni ya tangu mitume, ilipata sura yake ya sasa kwa kasisi mmoja wa kijijini, Robert Hawker wa Morwenstow, Cornwall, nchini Uingereza. Mwaka 1843 aliwaita waumini wake waje kanisani kumshukuru Mungu kwa mavuno, na desturi hiyo ikaenea katika Kanisa zima la Kianglikana. Kasisi yule aliwatazama watu wake, akatazama mashamba yao, kisha akapanga ibada.

2. Mchungaji wa Kilimanjaro

Mwaka 1902 alifika Kilimanjaro mchungaji Mlutheri kutoka Ujerumani, Bruno Gutmann, aliyetumwa na Misheni ya Leipzig. Alikaa kwa miaka mingi, hasa Old Moshi, hata mwaka 1938 aliporudi kwao. Alifariki mwaka 1966. Alisikiliza wazee wa Kichagga, akaandika juu ya sheria na desturi zao, na mwaka 1925 alitoa kitabu juu ya namna ya kuujenga usharika kutokana na Injili.

Fikira yake kubwa yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mtu hakuumbwa awe peke yake. Amefungwa na wenzake kwa vifungo vitatu: ukoo aliozaliwa ndani yake, majirani anaokaa nao katika ardhi moja, na rika alilokua nalo. Gutmann alisema Injili haikuja kuvikata vifungo hivi. Imekuja kuvitakasa na kuvitumia. Kule mlimani watu walishirikiana kuchimba na kusafisha mifereji ya maji, maana mtu mmoja hawezi kuushusha mto mpaka shambani kwake. Mchungaji huyu aliona kwamba mfereji ule unafundisha jambo ambalo mimbari peke yake haiwezi kulifundisha. Vijana wa kipaimara aliwaweka katika vikundi vidogo, akivifananisha na ngao za askari waliosimama bega kwa bega, ili kila mmoja amlinde mwenzake, hata baada ya mafundisho kwisha.

Wako waliompinga, na hawakukosa sababu. Aliithamini mila ya kale mno, akaitazama miji, fedha na elimu ya kisasa kwa mashaka, wakati Wachagga wenyewe walitamani shule. Baadaye Mlutheri mwingine, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba (1925–1988), mwana wa nchi, naye aliandika juu ya Kanisa na ukoo katika kitabu chake cha mwaka 1974. Kwa hiyo swali hili halikuwa la mgeni peke yake.

Sisi tuchukue kwa Gutmann jambo moja tu. Usharika hauonekani wote siku ya Jumapili. Unaonekana pia kwenye mfereji, kwenye jembe, kwenye nyumba yenye mgonjwa na kwenye ghala. Mchungaji asiyejua watu wake wako wapi mwezi wa Januari hajui usharika wake.

3. Sisi watu wa njia ya misafara

Mtu aweza kusema, “Hayo ni ya Kilimanjaro. Wao ni watu wa ukoo mmoja, wamekaa mlima mmoja. Sisi wa Kitete tuna ukoo gani?” Ni kweli. Mji wetu ulikua kwenye njia kuu iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, njia iliyopitisha pembe za ndovu, nguo, shanga, na watumwa waliofungwa minyororo. Baadaye, mwaka 1912, reli ikafika, ikaleta wengine. Katika benchi moja la kanisa hukaa Mnyamwezi, Muha, Msukuma, Mgogo, Mmanyema na Mhaya. Kifungo cha ukoo kwetu ni chembamba. Kwa hiyo kifungo cha ujirani hakina budi kuwa kinene zaidi.

Lakini njia hiyo hiyo ina somo lake. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika Afrika Mashariki yote. Mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, akatembea miezi miwili au mitatu hadi pwani. Na wengi wao hawakusafiri ovyo. Walipenda kuondoka baada ya mavuno, nchi ikiwa kavu, na kurudi kabla ya mvua ili waguse jembe. Tajiri aliyetaka wapagazi wakati wa kulima alitafuta sana. Hivyo kuondoka na kurudi kwa majira ni desturi ya kale hapa kwetu, wala haikuanza na tumbaku.

Injili nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1882 James Hannington, ambaye baadaye alikuwa askofu na kuuawa kwa ajili ya imani huko Busoga mwaka 1885, alifika Uyui, karibu na mji wetu, akiwa mgonjwa sana. Aliuguzwa hapo na wenzake. Basi Kanisa letu katika nchi hii limezaliwa safarini, kati ya watu wanaopita, na miongoni mwa wagonjwa wanaotunzwa na wasio ndugu zao.

4. Mwaka wetu, hatua kwa hatua

Sasa tuziweke kalenda mbili pamoja.

Adventi. Mvua za kwanza zimeanguka. Maembe ya miti ya kale yameiva, na watoto wanakula hayo mchana kutwa kwa sababu nyumbani hakuna kingine cha mchana. Baba na mama wameondoka alfajiri kwenda kupanda. Wenye tumbaku wanahamisha miche kutoka vitaluni, na wengine wamehamia kabisa kwenye mashamba ya mbali. Kanisani benchi ziko wazi, na mhubiri anaanza kulaumu. Lakini daftari la mahudhurio humwambia mwalimu nani hayupo, halimwambii kwa nini. Mwalimu mwenye busara hufunga daftari, akaenda nyumbani kwa mtoto. Adventi ni majira ya kumngojea Bwana, na hakuna anayejua kungoja kuliko mtu aliyefukia punje yake ya mwisho ardhini akitazama mawingu. Siku za kuombea mashamba zingefaa zaidi hapa, jembe likiwa mkononi.

Epifania na mwanzo wa Kwaresima. Hii ndiyo miezi migumu. Ghala limebaki vumbi, shamba linataka palizi, na homa ya malaria imeongezeka. Zaburi 126 inasema juu ya mtu apandaye huku akilia. Watu wa mjini hudhani hayo ni mashairi tu. Mkulima anajua maana yake: mbegu ile ilikuwa chakula, na mtoto aliiona ikipelekwa shambani.

Hapa tusimame kidogo, maana hapa ndipo penye jambo zito. Mjane asiye na chakula mwezi wa Januari hufanya nini? Huenda kulima kibarua katika shamba la mwenzake ili apate debe la mahindi. Wakati anapalilia shamba la watu, lake linamezwa na magugu. Au hukopa debe moja kwa ahadi ya kulipa mawili wakati wa mavuno, au huuza mazao yangali shambani kwa bei ya kutupa. Akivuna, kidogo alichopata kinaondoka kulipa. Mwaka unaofuata anaanza na ghala tupu mapema zaidi. Njaa ya Januari moja huzaa njaa ya Januari nyingine. Kwa hiyo debe linalotolewa wakati huo lina thamani kubwa kuliko gunia linalotolewa Julai. Linamwezesha mtu kubaki katika shamba lake.

Nasi katika majira hayo hayo tunatangaza mfungo. Tutamwambia nini mama anayekula mara moja kwa siku? Afunge hicho kimoja? Someni Isaya 58. Nabii anawaambia watu waliojisifu kwa kufunga kwamba mfungo anaoupenda Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula. Basi wenye mshahara, wenye maduka na wenye akiba, mfungo ni wetu kwanza. Chakula tusichokula kiende mahali. Mfungo usiomfikia mwenye njaa ni kubadilisha saa za kula tu.

Pasaka. Mahindi mabichi yamefika au yanakaribia, karanga zinang'olewa, viazi vipo. Wenye tumbaku wanashughulika na mabani usiku na mchana, maana moto wa kukausha haujui Ijumaa Kuu. Tusiwahukumu haraka. Tuwapelekee ibada hukohuko, hata kama ni sala ya nusu saa alfajiri kando ya bani.

Pentekoste. Hapa, ndugu zangu, kalenda mbili zinashikana mikono. Pentekoste ya Wayahudi ilikuwa sikukuu ya mavuno ya ngano, siku 50 baada ya mganda wa kwanza. Kwetu huangukia Mei au Juni, nasi tunavuna. Wayahudi husoma kitabu cha Ruthu katika sikukuu hiyo, kile kisa cha mjane mgeni aliyeokota masazo katika shamba la Boazi. Hakuna sikukuu inayokaa vizuri katika ardhi ya Tabora kuliko hii.

Jumapili za baada ya Utatu. Kiangazi. Tumbaku imeuzwa, asali inarinwa, arusi zinafungwa, kwaya zinasafiri, michango inatolewa kwa furaha. Kanisa limejaa. Kila mmoja ni Mkristo hodari mwezi wa Agosti! Lakini imani ya Agosti hupimwa Februari.

5. Kona ya shamba

Sasa fungueni Walawi 23. Sura nzima ni kalenda: Sabato, Pasaka, malimbuko, Pentekoste, tarumbeta, upatanisho, vibanda. Ni sikukuu baada ya sikukuu. Lakini katikati, mara tu baada ya maagizo ya Pentekoste, katika mstari wa 22, inaingia amri ambayo mtu aweza kudhani imepotea njia. Mungu anawaagiza wavunaji wasivune hata mwisho wa pembe za shamba, wala wasirudi kuokota masazo. Wamwachie maskini na mgeni. Kisha kalenda inaendelea.

Kwa nini amri ya shamba ikawekwa katikati ya kalenda ya ibada? Kwa sababu sikukuu isiyo na kona ya maskini haijatimia. Mungu hakutenga ratiba ya hekalu na ratiba ya tumbo la mjane. Aliziandika katika ukurasa mmoja. Ndivyo ilivyokuwa hata katika Kanisa la kwanza. Roho aliposhuka siku ya Pentekoste, matunda yake yalionekana katika kugawana vitu. Na manung'uniko makubwa ya kwanza ndani ya usharika wa Yerusalemu, Matendo 6, yalihusu wajane waliosahauliwa katika huduma ya chakula. Mitume hawakusema hilo ni jambo dogo. Walichagua watu saba, wenye sifa njema, wakawawekea mikono.

6. La kufanya

Kila mwaka tunaleta Sadaka ya Mavuno: mahindi, mtama, karanga, mihogo, michembe, matobolwa, kuku. Baada ya ibada kuna mnada, na mahindi huuzwa siku ambayo bei yake iko chini kabisa, maana kila mtu anayo. Miezi saba baadaye waumini wale wale wanayanunua kwa bei ya juu, au wanayakosa.

Yusufu alimshauri Farao aweke akiba sehemu moja katika tano (Mwanzo 41:34). Naomba wazee wa kanisa na Umoja wa Akina Mama walitazame shauri hili: sehemu moja katika tano ya nafaka ya Sadaka ya Mavuno isipelekwe mnadani, iwekwe hadi Januari. Wakija na magunia kumi, manane yauzwe kwa mabati na kazi nyingine za kanisa, na mawili yabaki. Anayesema paa linavuja asitie shaka. Sehemu nne katika tano zimebaki kwa paa.

Lakini akiba itunzwe kwa akili. Mdudu dumuzi, ambaye wakulima walimpa jina la Scania, aligunduliwa kwa mara ya kwanza katika Afrika mkoani kwetu Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye asili yake ni Amerika. Hupenda zaidi mahindi yaliyobaki kwenye magunzi, na mihogo mikavu. Kwa hiyo mahindi ya akiba yapukuchuliwe mapema, yakaushwe sawasawa, yapepetwe, kisha yawekwe katika pipa au mfuko usiopitisha hewa, au yatiwe dawa aliyoshauri afisa kilimo. Mtama nao uwekwe. Daftari la akiba lishikwe na watu wawili, na lisomwe mbele ya wazee.

Kugawa kufanyike kwa heshima. Majina yasitangazwe kanisani. Hapa ndipo tunapoihitaji ile ngao ya mchungaji wa Kilimanjaro: nyumba chache za jirani, tano au sita, zijuane na kuchukuliana. Wao watajua nani haoni moshi jikoni, nani amelazwa Hospitali ya Kitete na hana wa kumpelekea uji, nani amehamia shamba la mbali na hajasikia Neno tangu Novemba. Mkristo asitafutwe kwa kulaumiwa. Atafutwe kama msafara ulivyomrudia mpagazi aliyebaki nyuma njiani.

Mtume Paulo katika Wagalatia 6 anasema tuchukuliane mizigo, na mistari michache baadaye anasema kila mtu atauchukua wake. Wazee wetu wa njia ya misafara wasingeona kugongana katika maneno hayo. Kila mmoja alikuwa na frasila zake mbili. Lakini mwenzake alipoanguka homa, mzigo haukuachwa porini.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja miezi ambayo mahudhurio ya mtaa wenu hupungua. Waumini wako wapi wakati huo? Nani amekwenda kuwaona?
2. Kwa nini unadhani Walawi 23:22 imewekwa katikati ya orodha ya sikukuu?
3. Mfungo wa Kwaresima unamhusu vipi mtu mwenye mshahara? Unamhusu vipi asiye na chakula?
4. Je, mtaa wenu waweza kuweka akiba sehemu moja katika tano? Ni nani watakaoitunza, na wapi?
5. Zitaje nyumba tano zilizo karibu nawe. Unajua nini juu ya ghala la kila moja?

Sala

Ee Bwana wa mvua na kiangazi, tufundishe kuzihesabu siku zako pamoja na siku za jirani zetu. Ghala likijaa, utukumbushe wale ambao lao litakuwa tupu. Likiwa tupu, utupe moyo wa kungoja na mkono wa ndugu. Uwarudie waliopanda kwa machozi, ukawape kuvuna kwa furaha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.